Koloni namba 41

Mama alipotaka kujua hasa nasomea nini huko Ujerumani, nilijibu kwa kuzunguka: bakteria, afya ya tumbo, mambo ya lishe. Hakuridhika. "Hao bakteria unawatoa wapi?" Nikaona potelea mbali. "Kwenye choo, mama. Choo kikubwa." Simu ikanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema taratibu, kama anayesoma barua ya msiba: "Yaani umeacha kazi ya serikali, ukapanda ndege, kwenda kupekua mavi ya Wazungu."

Sikuwa na jibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya hapo nilikaa miaka minne kwenye maabara ya hospitali moja ya mkoa. Choo nilikizoea huko. Mgonjwa analeta kikopo kimeviringishwa gazeti, kimo ndani ya mfuko, mfuko umo ndani ya mkoba, anakisukuma dirishani bila kukutazama usoni. Unachota kiasi cha kichwa cha kiberiti, unakoroga kwenye tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo na tone la ayodini upande wa pili, unafunika, unaweka kwenye hadubini. Tulikuwa tunatafuta amiba, giadia, mayai ya safura, mayai ya kichocho. Usipoviona unaandika: hakuna vimelea. Na wakati unaandika hivyo, uwanja mzima chini ya lenzi unachemka kwa vidoa na vifimbo vinavyotetemeka. Hao ndio bakteria. Walikuwa kama vumbi kwenye kioo cha gari; dereva anatazama barabara, hatazami vumbi. Miaka minne niliandika "hakuna" juu ya kitu kilichojaa pomoni.

Nilichokuwa nakijua kuhusu bakteria wa tumbo kilikuwa kimoja: Escherichia coli. Daktari wa watoto Theodor Escherich alimwelezea mwaka 1885 kutokana na vinyesi vya watoto wachanga, na tangu hapo wengi wetu tumebaki na picha kwamba huyo ndiye mwenye nyumba. Kumbe ni mpangaji wa chumba kimoja cha uani. Alijulikana mapema kwa sababu hana makuu: anaota kwenye hewa ya kawaida, anakula karibu chochote, asubuhi unamkuta amejaa sahani nzima. Wenye nyumba hasa wakiguswa na oksijeni wanakufa. Mwaka 2020 ilitoka katalogi iliyokusanya jenomu (yaani DNA nzima ya kiumbe) zaidi ya 200,000 za bakteria wa utumbo wa binadamu, zikapangika katika spishi 4,644, na zaidi ya asilimia 70 ya spishi hizo hakuna aliyewahi kuziotesha maabara. Tunazijua kwa DNA tu, kama unavyoweza kujua majina ya watu wa mtaa kwa kusoma orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, bila kupiga hodi hata nyumba moja.

Kazi yangu ilikuwa kupiga hodi.

Njia tuliyoifuata ilipata umaarufu Marseille, Ufaransa. Mwaka 2012 watafiti wa huko walichukua sampuli tatu za kinyesi, mbili za Waafrika na moja ya Mfaransa mnene, wakaziotesha kwa namna 212 tofauti: chakula hiki na kile, joto hili na lile, pamoja na hewa na bila hewa. Walipima makoloni, yaani vile vidoa vya bakteria walioota pamoja juu ya sahani, zaidi ya 30,000. Wakapata spishi 340, na 31 kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi. Ndiyo maana leo kuna bakteria anaitwa Alistipes senegalensis: alitoka tumboni mwa mtu wa Senegal. Niliposoma makala ile nilijiambia kwamba kama mtu anaweza kupata spishi mpya 31 kwenye vikopo vitatu, mimi nitakosaje hata moja kwa miaka mitatu?

Nilitoka kapa mwaka mzima wa kwanza.

Tulifanyia kazi ndani ya hema la plastiki nene lililojazwa naitrojeni, kabonidioksaidi, na haidrojeni kama asilimia tano. Haidrojeni ni ya kuondoa oksijeni inayojipenyeza: inakutana nayo juu ya vipande vya metali ya paladiamu, na gesi hizo mbili zinageuka kuwa maji. Unaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshikizwa ukutani mwa hema, na kila kitu unachokitaka kinapita kwanza kwenye kijichumba chenye milango miwili. Ukisahau kijiti kimoja nje, unaanza upya. Saa mbili humo mabega yanawaka kama umetwanga kisamvu cha harusi. Kwenye vyakula tulitia rangi ya resazurini, ambayo haina rangi pasipo oksijeni na hugeuka pinki oksijeni ikiingia. Nilijifunza kuichukia pinki.

Sampuli ya mchangiaji wa saba, ambaye kwangu ni namba tu, nilikuwa naizimua mara kumi, mara mia, mpaka mara milioni, kisha naipaka kwenye sahani. Baada ya siku mbili unapata makoloni makubwa, manono, yenye kelele. Msimamizi wangu, mama wa makamo asiyeinua sauti, alinikataza kuyagusa. "Hao wote wana majina. Rudisha sahani. Njoo wiki ya tatu." Wiki ya tatu, katikati ya wale wanono, ndipo wanatokea wadogo: vidoa vinavyong'aa kama chembe ya sukari, hutaviona mpaka uinamishe sahani kwenye taa. Kitu hicho nilikielewa kwa mikono kabla ya kukielewa kichwani. Anayeota haraka amekwisha kuonekana na wengine. Kipya, kama kipo, kimechelewa.

Kila koloni lilipimwa kwanza kwa mashine ya leza. Unapaka kidogo kwa kijiti cha kuchokonolea meno kwenye bamba la chuma, unadondoshea asidi ya fomiki, unadondoshea kemikali nyingine, kikikauka leza inakipiga na protini zinaruka. Mashine inapima uzito wa zile protini na kulinganisha na wanaojulikana. Ndani ya dakika chache inatoa alama: kuanzia 2.0 jina la spishi unaweza kuliamini, kati ya 1.7 na 2.0 labda jenasi, chini ya hapo mashine imeshindwa.

Siku moja koloni langu likapata 1.4. Nikasubiri, nikarudia, 1.38. Nilitetemeka. Pale maabara desturi ni kwamba mwenye jambo ndiye anayeleta keki, mimi keki sijui, nikakesha nikakaanga visheti, nikaviroweka sukari ya iliki, nikavipanga kwenye sinia karibu na mashine ya kahawa na kakaratasi: "Spishi mpya!" Watu wakala, wakanipa mkono, mmoja akaniomba namna ya kupika. Msimamizi alichukua kimoja, akakitafuna polepole, akaniuliza kama nimeshasoma jeni ya 16S. Sikuwa nimesoma.

Hiyo 16S ni jeni ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ndefu kama herufi 1,500, na kila bakteria anayo. Inabadilika polepole mno, na ndiyo Carl Woese aliitumia mwaka 1977 kuonyesha kwamba kuna tawi zima la viumbe, arkea, tulilokuwa tunalichanganya na bakteria. Kwa kazi yetu kipimo ni rahisi kukitamka: mfuatano wako wa herufi ukifanana na wa spishi inayojulikana kwa chini ya asilimia 98.65 hivi, una haki ya kushuku kuwa umeshika kipya. Wangu ulirudi asilimia 99.6. Alikuwa bakteria mwenye jina, amesajiliwa zamani, ila kanzidata ya mashine yetu haikuwa naye. Mashine haikusema "huyu ni mpya." Ilisema "simjui." Mimi ndiye niliyetafsiri vibaya, na visheti vilikuwa vimekwisha kuliwa.

Niliishiwa pozi. Wiki nzima nilikunywa kahawa saa ambayo hakuna mtu.

Koloni namba 41 lilikuja miezi minne baadaye, na safari hii sikumwambia mtu. Alama ya leza: 1.2. Nikapeleka 16S kimyakimya. Ukurasa wa majibu ulikuwa fujo. Mahali pa kuwa na mlima mmoja wa rangi kwa kila herufi palikuwa na miwili, mmoja juu ya mwenzake, kama redio iliyonasa stesheni mbili. Maana yake ni moja: koloni langu halikuwa la mtu mmoja. Nikalichukua, nikalichora upya kwenye sahani safi mara tatu, mara nne, mara sita. Kila nikimtenga yule mdogo, haoti. Nikimwacha karibu na mkubwa, mmoja wa jamii ya Bacteroides wa kawaida kabisa, anachomoza pembeni yake, amejibanza kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake.

Ningekuwa bado yule wa visheti ningemtupa kwa kusema sahani imechafuka. Lakini kisa cha namna hii kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Watafiti wa Boston walipata bakteria wa utumbo asiyeota ila akiwa jirani na Bacteroides fragilis, wakachunguza mpaka wakakuta anachokihitaji kutoka kwa jirani ni GABA, kemikali ileile ambayo ubongo wetu huitumia kujituliza. Msimamizi akanishauri nisiumize kichwa kwanza kujua kitu chenyewe ni kipi. Nikuze jirani kwenye mchuzi, nimwondoe kwa kuchuja na kichujio chenye matundu ambayo bakteria hapiti, nibaki na maji, nimwagie 41. Nilifanya hivyo Jumatatu. Siku ya kumi na moja alikuwapo, peke yake, vidoa kama ishirini. Niliinamisha sahani kwenye taa kulia na kushoto kama mtu anayekagua noti.

16S safari hii ilisomeka safi: asilimia 95.9 na ndugu yake wa karibu. Tukasoma jenomu nzima. Huko kipimo ni wastani wa kufanana kwa jenomu mbili, na mpaka wa spishi uko kwenye asilimia 95 au 96. Yeye hakuukaribia hata kwa mbali. Alikuwa mpya. Msimamizi alisema neno moja tu, "Gandisha," akimaanisha niweke akiba kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Niliweka bomba moja. Moja. Nilitaka kwanza nimkuze awe wa kutosha, nifanye vipimo vya asidi za mafuta, nimpige picha kwa hadubini ya elektroni, halafu nitaweka mabomba kumi kwa mpigo.

Pasaka ya Wajerumani ni siku nne za mapumziko, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Mtungi wa gesi uliisha Jumamosi, kwa kadiri tulivyoweza kukisia. Jumanne asubuhi nilifungua mlango wa chumba, na kabla sijavaa koti niliona kupitia plastiki: sahani zote pinki. Nzuri hata, kama kanga mpya. Nikakimbilia lile bomba moja. Nililigandisha kwa gliseroli na mchuzi wa kawaida, bila yale maji ya jirani. Nikajaribu kumwamsha wiki sita. Hakuamka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria za majina kwa makini, pengine kwa kujitesa. Spishi ya bakteria haihesabiki kuwa na jina halali mpaka mwenyewe awe hai na amekabidhiwa kwenye benki mbili za kutunzia bakteria zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti yeyote aweze kumwomba. Jenomu peke yake haitoshi kwa kanuni hizo. Tangu 2022 upo mfumo mwingine, SeqCode, unaokubali jenomu, lakini msimamizi wangu ni wa shule ya zamani. "Kama huwezi kumpa mtu bomba," alisema, "una hadithi."

Sharti hilohilo ndilo lililozima wazo langu jingine. Kila mtu aliniuliza kwa nini nisilete sampuli kutoka nyumbani, na kwa nini hasa: Wahadza wa Ziwa Eyasi wamechunguzwa na vikundi vya Wazungu na Wamarekani tangu utafiti wa 2014 ulioonyesha kwamba watu wazima wao hawana kabisa Bifidobacterium, bakteria tuliyekuwa tunafundishwa kwamba kila mwenye afya anaye. Mimi Mtanzania nakaa napekua tumbo la Mjerumani! Lakini hapo kuna kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kuna mkataba wa kusafirisha sampuli, na juu yake itifaki ya Nagoya inayosema nchi ina haki juu ya viumbe vyake na faida yake. Mimi nauunga mkono ulinzi huo. Ila ukishamweka bakteria kwenye benki mbili aombwe na yeyote, nchi yake inamlindaje tena? Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo kwa saa tatu, na chai ikapoa.

Nilirudi kwenye kinyesi cha mchangiaji wa saba. Kilikuwa bado kipo, kimegandishwa katika vijibomba, na hiyo ndiyo busara pekee niliyokuwa nimeifanya tangu mwanzo. Sasa nilijua anachokula. Sahani zenye maji ya jirani, wiki tatu, taa, kuinamisha. Ilichukua miezi mitano. Alipotokea nilimgandisha siku hiyohiyo, mabomba kumi na mbili, friza mbili, majengo mawili. Mwenzangu aliniuliza kama naogopa vita.

Wakati vipimo vya mwisho vinaendelea nikaanza kazi tamu ya kutafuta jina. Watu wanadhani kumpa bakteria jina ni kujisikia tu. Ni sarufi! Kilatini kina jinsia tatu, na jina la spishi lazima lipatane na la jenasi: jenasi ikiishia na -bacterium unaandika -ense, ikiishia na -ella unaandika -ensis. Wenzangu walihangaika. Mimi niliyelelewa na Ki-Vi, Li-Ya na U-I niliona hizo ngeli tatu ni za chekechea. Nilikuwa nimekwisha kutunga: jenasi mpya, na spishi ya Tanga. Msimamizi aliniambia kwa upole kwamba jina la mahali hupewa mahali bakteria alipotoka, na huyu hakutoka Tanga. Tukajadiliana. Sikuwa na hoja, nilikuwa na hamu tu.

Basi nikiwa naandika sehemu ya mjadala, Alhamisi moja, nikapitisha tena mfuatano wetu kwenye kanzidata, kawaida tu, kama unavyogusa mlango uliokwisha kuufunga. Asilimia 99.8. Hakukuwa na kitu kama hicho mwezi uliopita. Kikundi kingine, bara jingine, kilikuwa kimemchapisha wiki nne nyuma, na jina halali, na benki mbili. Kwenye sheria za majina anayetangulia kuchapisha kihalali ndiye mwenye jina. Hakuna rufaa. Nilihesabu: wiki sita za kumwamsha aliyekufa na miezi mitano ya kumtafuta upya. Mtungi wa gesi. Bomba moja.

Msimamizi alisoma makala yao mara mbili mbele yangu. Kisha akaniuliza wao walimwoteshaje. Nikatafuta. Walikuwa wanatumia maji ya tumbo la ng'ombe kwenye chakula, na waliandika kwamba anaota vibaya, hawajui kwa nini. Walikuwa na straini moja tu, yaani ukoo mmoja uliotoka kwenye koloni moja, kwa hiyo kila walichosema juu ya spishi walikisema kwa kumtazama mtoto mmoja wa kabila zima. Sisi tulikuwa na wa pili, na tulijua anamhitaji jirani. Tukawaandikia. Walijibu siku ileile, kwa adabu sana, wakiomba bomba.

Nilimpaki mwenyewe kwenye barafu kavu. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa jina la straini, na hapo hakuna Kilatini wala kanuni: anayemtoa anaandika alama anayoitaka. Nikaandika TGA-41. Msimamizi akacheka, kwa mara ya kwanza nadhani, kwa sababu kwenye DNA herufi TGA ni mojawapo ya alama za kuiambia seli isimame. Nikamwambia si hiyo. Kwenye mahitaji maalumu nikaandika aina ya jirani na kiasi cha maji yake.

Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote, mpaka Pasaka, mpaka wale wa bara jingine. Alisikiliza vizuri. "Kwa hiyo jina si lako."

"Si langu. Lakini straini nimeipa jina la Tanga. Itakaa kwenye maandishi."

Akanyamaza tena, salio likiwepo safari hii.

"Baba yako yuko hapa," akasema. "Ngoja nimwambie Tanga imeandikwa kwenye mavi ya Mzungu."